Paundi 28

Nilianza kazi kwenye karai. Fundi aliyenipokea alikuwa na kibanda chini ya mwembe pale Igoma, nami, mtoto wa miaka 13, nilikaa mbele ya karai la maji nikizamisha tyubu za baiskeli kipande kwa kipande, nikisubiri mapovu. Yakitoka naweka alama, nafuta maji, nakwangua kwa msasa, napaka solusheni na kupuliza mpaka ikauke, ndipo kiraka kinakaa. Kazi ikiisha, mzee analibinya tairi kwa dole gumba, anatikisa kichwa kukubali, mteja anaondoka. "Mwanangu," aliniambia, "kinachobeba mzigo ni upepo. Mpira ni gunia lake tu."

Neno hilo ninalo mpaka leo. Nililoliacha ni dole gumba.

Mwaka 2010 zilipotoka kanuni za kuruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, vijana wengi wa Nyamagana tuliingia kwenye bodaboda. Mimi nilipata Boxer ya mkataba, nikapaki kijiwe cha Mkuyuni. Kulikuwa na maelezo ya kiwandani: mbele paundi 25, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Niliyasoma mara moja, nikayasahau. Nilikuwa na mafuta ya kuweka na hesabu ya bosi kila jioni. Geji sikuwa nayo. Nilikuwa na dole langu, lililofundishwa na baiskeli.

Sasa tairi la pikipiki lina ukuta mgumu. Liwe na paundi 18 au 28, dole linakutana na mpira, halikutani na upepo.

Ilikuwa wakati wa masika. Nilimpakia mama mmoja aliyekuwa ametoka kumwona mgonjwa Bugando, tukaanza kushuka ule mlima. Tairi la nyuma lilikuwa linavuja polepole kwa siku ya tatu, na asubuhi nililibinya nikaridhika. Sikujua bado jambo ambalo leo namweleza kila kijana: upepo ukipungua, tairi halishiki rimu sawasawa. Kila ukifunga breki, mpira unahama kidogo na kuivuta tyubu, lakini valvu imebanwa kwenye tundu la rimu, haina pa kwenda. Leo inainama, kesho inainama zaidi, mwisho inakatika shingoni. Yangu ilikatika kwenye mteremko, barabara imelowa. Nyuma ikayumba kulia, ikayumba kushoto, tukaenda chini.

Mimi nilichubuka goti. Mama alivunjika mkono. Msamaria mwenye gari alituchukua, tukaupanda tena mlima tuliokuwa tukiushuka, mama ameukumbatia ule mkono kama aliyebeba mtoto mchanga. Kesho yake nilipomwendea wodini nikiwa nimejiandaa kulaumiwa, aliniuliza kama nimeumia sana, na kama pikipiki bado inafanya kazi, maana ndiyo ugali wangu. Afadhali angenitukana.

Fedha ya kwanza niliyoipata baadaye nilinunulia geji. Miaka miwili mbele niliirudisha pikipiki kwa mwenyewe, nikarudi kwenye karai.

Geji nayo ina adabu yake. Pima asubuhi, kabla tairi halijakimbia. Joto la barabarani linaongeza upepo, kwa tairi letu la nyuma karibu paundi moja na nusu kwa kila nyuzi 10. Dereva anakuja saa nane mchana, anaona 31, anadhani amezidisha, anapunguza mpaka 28. Usiku tairi likipoa, ana 25 na hajui. Wengine wanafanya kinyume: wanajaza kwenye kompresa mpaka tairi linalia ukiligonga, wakiamini watakaa wiki nzima bila kurudi. Mji huu ni wa mawe. Tairi lililozidishwa linagusa chini kwa utosi wake tu, linarukaruka, na mvua ikinyesha kwenye barabara zetu za mawe zinazopanda vilimani, utosi huo hautoshi kukusimamisha. Lililopungua nalo likigonga jiwe, tyubu inabanwa na rimu, unakuta matundu mawili yamekaa pamoja kama meno ya nyoka.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa mwalimu mstaafu mwenye Vespa. Matairi yake ni madogo, ya inchi 10, na dogo halina akiba: upepo kidogo ukitoka, umepungua sana. Mbele alitaka 18, nyuma 25, kwa sababu injini yote imekaa nyuma pamoja na mtu. Rimu ya Vespa ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, na zipo nyingine zinazoshika gurudumu kwenye ngoma ya breki. Ukikosea ukafungua zile za kuunganisha vipande kabla hujatoa upepo, rimu inaruka na kukupiga. Mwalimu alinisimamia siku ya kwanza, mkono wake juu ya wangu, mpaka upepo wote ukatoka.

Kibanda changu sasa kiko Buhongwa, kwenye njia ya kwenda Usagara. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, naona vijana wengi wa Sengerema. Zamani kivuko kiliwasimamisha; wakati wakisubiri waliweza kutazama matairi, nayo yalipoa. Sasa kilomita 3 za maji zinapitwa kwa dakika chache.

Juzi saa 12 asubuhi alisimama mmoja, ana abiria na begi kubwa. "Shikamoo mzee. Niongezee kidogo tu, nimelibinya liko sawa."

"Marahaba. Libinye tena nione."

Akabinya. Nikaweka geji: 19. Akaitazama, akalitazama dole lake. Tukajaza mpaka 32. Nikalowesha kidole kwa mate, nikagusa mdomo wa valvu, tukainama wote watatu, yeye na mimi na abiria nyuma yetu, kuangalia kama litatoka povu.