Punguza Mwendo Kabla Hujamwona Mtoto

Kibaha,
Januari.

Mwanangu mpendwa,

Baba yako ameniambia umekabidhiwa tipa, na kwamba utakuwa ukibeba mchanga na kokoto kati ya Kisarawe na Kibaha, malipo kwa tripu. Hongera sana. Umeisubiri leseni kwa subira na kazi umeitafuta kwa jasho lako mwenyewe.

Najua wanaume wa ukoo wameshakupa nasaha za gia, matairi na matajiri wasiolipa kwa wakati. Mimi shangazi yako nina langu, na nalisema kwa sababu barabara hiyo nimeitazama miaka mingi nikiwa upande ambao dereva hauoni: getini pa shule. Umekabidhiwa gari Januari, mwezi ambao watoto wa darasa la kwanza wanajifunza njia ya kwenda shule kwa mara ya kwanza.

Neno langu ni hili. Ukikaribia shule, punguza mwendo kwa sababu ya mahali. Usingoje umwone mtoto, wala usingoje umwone trafiki.

Nilikuwa mwalimu wa Hesabu, kwa hiyo nivumilie. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata takriban mita 14 kila sekunde. La kilomita 30 hukata mita 8 na kidogo. Dereva akishtuka, sekunde moja hivi hupita kabla breki haijaanza kushika. Sasa chukulia mtoto amechomoka mita 15 mbele yako. Ukiwa kwenye 30, mshtuko umekula mita 8, zimebaki karibu 7, na gari dogo lenye breki nzima kwenye lami kavu linaweza kusimama humo humo. Ukiwa kwenye 50, mshtuko peke yake umekula mita 14. Imebaki mita moja tu ya breki, na utamfikia mtoto ukiwa bado karibu na 50 ile ile. Tena nguvu ya pigo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: pigo la 50 ni karibu mara tatu ya pigo la 30. Na hapo nimehesabu gari dogo. Tipa lililojaa mchanga mbichi linataka nafasi kubwa zaidi.

Ndiyo maana anayesema "nikimwona nitashika breki" amekwisha kuchelewa kabla hajaanza.

Utaniuliza, kwani watoto hawafundishwi? Tunawafundisha. Kulia, kushoto, kulia tena, ndipo uvuke. Lakini mtoto wa miaka saba anaweza kuliona gari lako vizuri kabisa asijue linakuja kwa kasi gani. Macho yake ni mazima, kipimo cha mwendo ndicho ambacho hakijakomaa kichwani. Na kimo chake ni kifupi: daladala ikisimama, yeye haonekani kwako na wewe huonekani kwake.

Halafu kuna jambo ambalo madereva mnalijua lakini hamlihesabu. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na makonda wengi humkwepa. Kwa hiyo likitokea gari moja linalokubali kumbeba, watoto huvuka mbio kulikimbilia, wote kwa pamoja, bila kutazama popote. Ukiona kundi la sare kituoni na daladala inapunguza mwendo upande wa pili, jua watavuka. Mmoja akipita mbele yako salama, usikanyage mafuta, rafiki yake yuko nyuma.

Saa nazo zijue. Asubuhi wako njiani kabla jua halijachomoza, na sweta la bluu iliyokoza halionekani kirahisi gizani. Darasa la kwanza na la pili hutoka mapema kuliko wakubwa, kwa hiyo usidhani saa tano asubuhi barabara ni yako. Alasiri wanarudi tena, safari hii na kanzu na mitandio, wanakwenda madrasa. Madrasa nyingi hazina kibao chochote barabarani. Kwako wewe hiyo nayo ni shule.

Sasa njia zako. Upande wa Kisarawe, ukipita vilima vya Pugu, usiteremke kwa gia huru kwa tamaa ya kuokoa dizeli, kwani breki pekee haitoshi kulizuia tipa lenye mzigo. Ukishika njia ya Maneromango, mara nyingi utakuta mtembea kwa miguu hana pa kukanyaga ila ukingo ule ule unaokanyaga wewe, na kiangazi, penye udongo, vumbi la gari lililotangulia linaficha kila kitu. Ngoja vumbi litue kwanza. Utakutana pia na bodaboda zenye mshikaki wa wanafunzi watatu. Wanakosea, lakini anayeadhibiwa kwa kosa hilo ni mtoto. Waachie nafasi pana na usiwapigie honi mgongoni.

Upande wa Kibaha hatari ni nyingine. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara hadi huku, kilomita 19.2, na ninyi madereva mmefurahi. Mimi nahesabu kwa miguu ya mtoto. Hata ukiipa kila njia mita 3 tu, njia nane ni mita 24 za kuvuka, na anayekuja mbio kwenye njia ya mwisho humkuta mtoto ambaye ameshachoka kusubiri. Ukifika Tumbi, kumbuka pana shule za Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa ubia wa Tanganyika na nchi za Nordiki, na hapo hapo ipo hospitali ambayo majeruhi wengi wa barabara hiyo hukimbizwa. Mwendo wa kupita hapo jichagulie wewe mwenyewe.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, maana uliisoma juzi tu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na magari mazito hayaruhusiwi kuzidi 80 hata nje ya makazi. Penye kibao cha 30 ni 30. Hivyo ni vikomo vya juu, hulazimishwi kuvifikia. Kwenye zebra, mwenye haki ni anayevuka. Gari likisimama mbele yako kwenye kivuko, usilipite kamwe, maana limesimama kwa ajili ya mtu ambaye wewe humwoni. Mwanafunzi akiinua kibao cha SIMAMA, simama kama ungesimamishwa na askari.

Lakini nawajua madereva. Mnapeana taa barabarani kuonyana kwamba mbele kuna tochi, mnapunguza, mnapita, mnakanyaga tena. Faini ya papo hapo inawatia hofu kuliko lango la shule. Mizani nayo iko Vigwaza, mbali na njia zako, kwa hiyo uzito wa mchanga wako utapimwa na dhamiri yako. Usikubali kujaziwa kupita kiasi, maana kila tani ya ziada inarefusha njia ya breki.

Utaniambia kwamba bosi anataka tripu. Haya, tuhesabu tena. Kipande cha mita 300 mbele ya shule, kwa 50 unakipita kwa sekunde 22, kwa 30 kwa sekunde 36. Umepoteza sekunde 14. Zikiwa shule kumi njiani, hata dakika mbili na nusu hazifiki. Muda huo utaumaliza ukingoja utingo anunue muhogo wa kuchoma. Tripu hupotea kwenye foleni ya kupakia na kwa gari bovu, hazipotei mbele ya shule. Bosi akikubishia, mwonyeshe hesabu hii, na akizidi kukubishia, mwambie imetoka kwa shangazi yako.

Neno jingine utakalolisikia kijiweni ni "ajali haina kinga". Usilikubali. Dar es Salaam, shirika la Amend liliboresha barabara zinazozunguka shule kadhaa za msingi kwa matuta, vivuko, njia za miguu na alama za kupunguza mwendo. Utafiti uliolinganisha shule hizo na nyingine zisizoguswa ulionyesha majeruhi wamepungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji kutoka taasisi ya World Resources Institute. Watoto walikuwa wale wale, wenye mbio zile zile. Kilichobadilika ni barabara na mwendo. Basi kinga ipo, na pale ambapo halmashauri haijajenga tuta, tuta ni mguu wako.

Nchi nzima inaikumbuka Mei 6, 2017, kule Rhotia, Karatu, basi la shule lilipotumbukia korongoni wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Tulilia wote. Ila wengine hufa mmoja mmoja, asubuhi ya kawaida, bila gazeti wala rambirambi za wakubwa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29, na humo umo wewe pia.

Ikitokea bahati mbaya, Mungu aepushe, usikimbie. Sheria inakutaka usimame, umsaidie majeruhi na utoe taarifa polisi. Ukiogopa hasira za watu, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajieleze, wala usizime simu.

Sasa nakupa kazi, maana ualimu haustaafu. Kabla ya wiki kwisha, andika kwenye daftari kila shule, kila madrasa na kila kituo cha daladala kilichoko kwenye njia yako, na saa ambazo watoto huingia na kutoka. Usipozijua, simamisha gari umuulize mwalimu au mama muuza maandazi wa hapo. Jumapili uje kula wali, daftari mkononi, nitalisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Mungu akuongoze na akuzidishie riziki ya halali.

Ni mimi shangazi yako.