Aliyebaki Kihambani

Neno mmisionari likitajwa, wengi wetu humwona mara moja Mzungu mwenye ndevu na kofia ya jua, anashuka melini na makasha ya vitabu. Kwetu Kilimanjaro picha hiyo ina sababu yake, kwa maana wamisionari wa Leipzig walifika mlimani mwaka 1893, na habari zao tulizisikia tangu shule ya Jumapili. Lakini Waafrika nao wametumwa tangu zamani. Apolo Kivebulaya alitoka Uganda akafika Boga, ambayo leo imo ndani ya Kongo, mwaka 1896, na alifariki hukohuko mwaka 1933. Kwa hiyo sisi wawili, tuliofunga ndoa Machame siku ya Jumamosi, tarehe 30 Desemba 1995, na kutumwa Msumbiji mwaka uliofuata, hatukuwa watu wa ajabu. Ninachotaka kusimulia ni ile miezi tisa iliyokuwa kati ya harusi na safari. Habari za misheni aghalabu huanza chombo kinapong'oa nanga. Yaliyotangulia huachwa nyumbani, pamoja na watu wa nyumbani.

Tangu uchumba wetu tulikuwa tumekubaliana kwamba tukiitwa tutakwenda. Mwenzangu alikuwa amemaliza masomo ya uchungaji Makumira, nami nilikuwa muuguzi. Mwezi wa Februari barua ikaja. Ilimtaja yeye kwa majina yake matatu, kisha ikaongeza maneno mawili: "na mkewe". Tulipoitwa kwenye kikao, yeye alihojiwa kwa muda wa saa nzima kuhusu wito wake. Mimi niliulizwa swali moja tu, kama afya yangu ni nzuri. Nilijibu kwamba ni nzuri, kisha nikaomba ruhusa niseme neno. Niliwaambia wazee kwamba katika Mwanzo tunasoma jinsi Mungu alivyomwita Abramu atoke katika nchi yake, lakini hatuambiwi Sarai alisema nini usiku ule; basi mimi ningependa yangu yaandikwe. Wazee walicheka, lakini waliandika. Barua ya pili ilikuwa na majina yangu na kazi yangu.

Sisimulii hayo ili nijisifu. Nayasimulia kwa sababu, baada ya kuachwa nje ya barua moja, nilianza kuangalia ni nani mwingine aliyeachwa. Sikuhitaji kutafuta mbali. Alikuwa jikoni, anamenya ndizi.

Msomaji ambaye si Mchagga huenda akahitaji kuelezwa jambo hili. Kihamba si shamba tu. Ni mahali penye nyumba, migomba, kahawa, ng'ombe wa ndani na makaburi ya waliotangulia, pote pamezungushiwa masale kuonyesha mipaka. Kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kuwatunza katika uzee wao. Mume wangu alikuwa kitinda mimba. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na kaka zake walikuwa na miji yao, mmoja Moshi mjini na mwingine Arusha. Kwa hiyo Kanisa lilipomtuma Msumbiji, lilimwondoa mtu mmoja ambaye mama yule alikuwa amewekewa na desturi nzima ya ukoo. Katika barua zote mbili, mama hakutajwa hata kidogo.

Tuliacha chumba chetu cha kupanga mjini ili tupunguze gharama, tukahamia kwa mama. Basi fungate yetu tuliila kihambani. Wenzangu waliolewa wakapata nyumba za kujifungia. Mimi nilipata mama mkwe anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kuniuliza, kwa upole lakini kwa sauti ya kutosha, kama kwetu watu hulala mpaka jua litoke. Nilijifunza kukata majani ya ng'ombe, kufuata zamu ya maji ya mfereji, na kupika mtori ambao hatimaye aliukubali bila kuongeza chumvi. Jioni mimi na mume wangu tulizunguka migombani tukijifanya tunakagua kahawa, maana hapo ndipo mahali pekee ambapo vijana wawili waliooana juzi wangeweza kuzungumza bila kusikika.

Usiku ulikuwa wa Kireno. Tulipewa kaseti na daftari la masomo, na redio yetu ya betri ikawa mwalimu. Mama aliketi nasi akifuma kikapu, akisema hasikilizi. Siku moja tulimweleza kwamba maneno mengine ya Kireno tunayo tayari, kwa sababu Wareno walikaa pwani yetu muda mrefu na Fort Jesus ya Mombasa walianza kuijenga mwaka 1593. Meza yetu ni "mesa" yao, bendera ni "bandeira", na kasha ni "caixa". Kisha mwenzangu akasoma kwamba kanisa huitwa "igreja", na kwamba wanaochunguza lugha husema ndilo neno lililozaa gereza. Mama aliweka kikapu chini. "Kwa hiyo mwanangu unakwenda kuhubiri gerezani?" Tulicheka mpaka ng'ombe akaamka. Wiki ile ile nilimpa kikombe cha chai, naye akanijibu, "Obrigada." Alitamka vizuri kuliko mtoto wake mchungaji.

Mchana ulikuwa wa makaratasi. Hati za kusafiria zilitaka cheti cha ndoa, cheti cha ndoa kilikuwa na jina langu la zamani, na kila karani alitaka picha mpya. Tulichomwa sindano ya homa ya manjano tukapewa kadi. Katika semina tulielezwa hali ya Msumbiji: vita vilivyomalizwa na mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, uchaguzi wa vyama vingi wa 1994, wakimbizi waliorudi kwa mamia ya maelfu, na mabomu yaliyotegwa ardhini, ambayo nchi ile iliweza kutangaza kwamba imeyamaliza mwaka 2015 tu. Tulionywa tusiache njia iliyokanyagwa. Tulielezwa pia habari za Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine. Kabla mwaka ule haujaisha, Rosine na mtoto wao mchanga walikuwa wamekwisha kuzikwa. Mwalimu alipita hapo haraka, akaendelea na Krapf na tafsiri zake. Mimi nilibaki na Rosine. Jioni ile, migombani, nilimuuliza mume wangu kama angenizika ng'ambo. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba angependa tuulizane maswali hayo sasa, tungali tuna afya, kuliko kuyaacha yatukute njiani. Tuliulizana mengi usiku ule. Nadhani ndipo ndoa yetu ilipoanza hasa.

Zilikuwepo pia zawadi za harusi. Tulipewa masinia, sufuria, mablanketi, seti mbili za vikombe, makochi na kitanda cha mninga. Tungeweza kuchukua masanduku mawili na kasha moja. Kugawa zawadi za watu ni kuwatukana, na kuziuza ni vibaya zaidi. Mama aliamua mwenyewe. Alipanga kila kitu katika chumba chetu, akatandika kitanda, akafungia vikombe kabatini. "Nyumba isionekane kama imehamwa," alisema. Nilielewa kwamba alikuwa hajakubali bado.

Alilisema mwezi wa Agosti, wakati wa kuchuma kahawa. Tulikuwa watatu, kila mtu na kikapu chake. Alimuuliza mwanawe bila kumtazama, "Nikifa, utakuja?"

Katika miaka ile simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Barua ya kwenda Nampula ingeweza kuchukua wiki tatu. Barabara ya kusini ilikatika wakati wa mvua, na Rufiji ilivukwa kwa kivuko, kwa maana daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Baada ya Mtwara kulikuwa na Ruvuma, na baada ya Ruvuma safari nyingine ndefu. Mume wangu aliyajua hayo yote. Mtu mwingine angesema, "Mungu atafanya njia, Mama," na neno hilo si baya, lakini halikuwa jibu la swali aliloulizwa. Yeye alisema, "Pengine sitafika, Mama. Pengine nitasikia wakati mmekwisha kumaliza matanga."

Mama aliendelea kuchuma. Mwenzangu, akitafuta la kumfariji, akamsimulia habari za Kivebulaya: kwamba, kama inavyosimuliwa, aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo ambako Injili ilikuwa bado haijafika, wala si kuelekea kwao Buganda. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo hakuwa na mama?"

Hatukuwa na jibu. Sijalipata mpaka leo.

Lakini jibu lile la kwanza, la "pengine sitafika", lilifanya kazi ambayo faraja isingeweza kuifanya. Wiki iliyofuata mama aliwaita wanawe wote na wazee wa ukoo. Mbege ilitengenezwa kwa wasiokatazwa na chai kwa waliokatazwa. Mbele ya kikao alisema kwamba kitinda mimba wake anasafiri kwa kazi ya Mungu, na kwamba yeye hataki kutunzwa kwa maneno. Anataka mtu wa kulala ndani ya nyumba, wa kukata majani, na wa kufunga macho yake siku ikifika. Majadiliano yalichukua siku nzima. Mwishowe mjukuu wake wa Moshi, kijana wa miaka kumi na tisa, alikubali kuhamia. Mume wangu akasimama akasema kwamba atakayemtunza mama ndiye atakayerithi nyumba, na kwamba yeye hatarudi kudai. Alisema bila kutetemeka, lakini usiku sikumsikia akilala. Kwa Mchagga, kutoa kihamba cha baba si sawa na kutoa shati.

Asubuhi mama alimchukua mwanawe hadi kwenye kaburi la baba. Kando yake palikuwa na nafasi mbili. "Hii ni yangu," alisema. "Hii nyingine nyumba haina ruhusa nayo. Hata ukizikwa huko kwenu kwa Wareno, itabaki wazi." Akapanda sale pale pembeni. Baada ya hapo alianza kutusaidia kufunga kasha.

Tuliagwa kanisani mwezi wa Oktoba 1996. Sisi wawili tulipiga magoti, tukawekewa mikono, tukapewa Biblia. Mama alikaa benchi la tatu na kikundi cha akina mama. Hakuna aliyemwita mbele. Hata hivyo miaka yote tuliyokaa Nampula, mjukuu alituandikia kwamba kila Alhamisi bibi huenda kwenye maombi na mayai mawili ya kuuza kwa ajili ya Msumbiji, na kwamba akiulizwa habari zetu hujibu, "Niliwatuma, wako kazini." Hakuwahi kusema, "Waliondoka." Alifariki mwezi wa Mei 1999. Ujumbe ulitufikia siku ya tisa. Ilikuwa kama ilivyosemwa kwenye kahawa, na kwa kuwa ilikuwa imesemwa, tuliweza kulia bila kulaumiana.

Siku hizi mambo yamerahisika. Daraja la Umoja juu ya Ruvuma lilifunguliwa mwaka 2010, na kijana aliye ng'ambo humwona mama yake kwenye simu kila jioni. Hata hivyo simu haikati majani ya ng'ombe, wala haimpeleki mzee hospitali usiku. Nami nimekuwa mzee wa kanisa, na mara kwa mara maharusi huletwa mbele yetu wakiwa wanajiandaa kutumwa mbali. Wenzangu huwauliza kuhusu wito, elimu na afya. Zamu yangu ikifika huwauliza maswali mawili. Kwanza namuuliza bibi harusi jina lake kamili na kazi anayokwenda kuifanya, na naomba iandikwe. Kisha nawauliza wote wawili, "Nyumbani anabaki nani, na mmekwisha kumwambia ukweli?" Wengine hukasirika kidogo. Lakini siku ya kuwaaga, tukiwaita wanaoondoka wapige magoti, huomba na yule anayebaki aitwe pia, awekewe mikono kama wao, kwa maana kazi aliyopewa nayo ni ya miaka mingi.