Barua kwa Mpwa Wangu Salimu

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu mpenzi Salimu,

Goti la mama yako limepoa, na anakusalimu sana. Nimefurahi mno kusikia kipimo chako kinaonyesha virusi vya UKIMWI (VVU) havionekani. Hayo ni matunda ya kumeza dawa kila siku bila kuruka. Ila mdogo wako ameniambia umerudia sigara, na kwa fujo. Mkeo akiisoma barua hii, na aisome. Yote anayajua, na nataka akusaidie.

Wajua nami naishi na virusi hivi. Nilianza dawa miaka ile zilipoanza kutolewa bure. Sisi makuli wa bandarini tulivuta asubuhi ili kuzima njaa mpaka malipo yapatikane, na hata tulipoanza dawa wengi hatukuacha. Nimewazika wenzangu ambao virusi vyao vilikuwa vimefubaa: huyu kifua kikuu, yule moyo. Daktari wetu aliwahi kutueleza utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2013. Kule dawa ni bure na matibabu ni mazuri, lakini mwenye VVU anayevuta hupoteza miaka kama 12 ya uhai kwa sababu ya sigara, na kama 5 tu kwa sababu ya virusi. Dawa hufubaza virusi, mwanangu. Haiyakingi mapafu wala moyo na moshi.

Mimi niliacha sigara, na sikuwa na fedha ya tiba yoyote. Wiki ya kwanza arosto ilinitesa: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, mikono isiyotulia. Lakini kila hamu ilipokuja, nilikunywa maji nikatembea kidogo, na baada ya dakika chache ilipita. Baadaye ikawa inakuja mara mojamoja.

Sasa nisikilize. Chagua siku, umwambie mkeo na wenzako wa Kariakoo. Usitoke nyumbani na njaa. Hata uji na kiporo vinatosha, maana tumbo tupu ndilo linalokupeleka kwa muuza sigara. Zile unazonunua moja moja hazionekani kuwa ghali, lakini jumlisha za wiki nzima uone ni unga kiasi gani. Ukienda kuchukua dawa, mwambie muuguzi wazi kwamba unavuta, na uulize kama wana msaada wa kuacha. Ukipata kikohozi, hata cha siku chache, kapime kifua kikuu, usingoje. Na usivutie chumbani, mtoto asipumue moshi wako.

Ukiteleza, usijifiche. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Anza tena kesho yake, na dawa zako usiziache hata siku moja.

Nijulishe siku uliyochagua. Wiki hiyo nitakupigia kila jioni, na usipopokea nitampigia mkeo.

Mjomba wako akupendaye,
Mzee Athumani