Krenki ya Nyuzi 270

Nilipopata leseni ya pikipiki kubwa hapa Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu wa kipato changu hakuwa na mengi ya kuchagua. Alinunua 500 ya silinda mbili, ya mtumba, yenye kabureta, isiyo na kava. Ilikufikisha uendako, basi. Ukiipandisha mlima kwa gia kubwa ilinung'unika, na ukiikaza ilitetema hadi nyayo zikawasha ndani ya buti. Mzanzibari mmoja tuliyekuwa zamu pamoja hakuinyamazia: "Sheikh wangu, hiyo cherehani utaiuza lini?"

Niliiuza, nikachukua 600 ya silinda nne. Ilikuwa laini kama ilivyosifiwa, lakini nguvu zake zilikaa juu, kwenye mizunguko elfu nane kwa dakika na kuendelea. Kwenye barabara nyembamba za Wales, zenye kondoo na matrekta, huzifikii nguvu hizo ila kwa kutafuta balaa.

Kisha mwaka 2014 Yamaha wakaleta MT-07. Kwenye karatasi haikutisha: cc 689, silinda mbili tena, nguvu farasi 75 hivi. Yenye ABS ilikuwa na kilo 182, mafuta tangini. Siri ilikuwa kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni.

Twende polepole hapa. Kwenye injini za zamani za silinda mbili, kama zile za Triumph ya Waingereza, pistoni zilipanda na kushuka pamoja. Wajapani wengi wakapanga moja juu, nyingine chini. Mipango yote miwili ina kasoro ileile: pistoni zote mbili husimama kwa wakati mmoja, kisha zote hukimbia kwa wakati mmoja, kwa hiyo krenki huvutwa na kuachiwa, kuvutwa na kuachiwa, hata kama hakuna mafuta yanayowaka. Yamaha waliachanisha pini za krenki kwa nyuzi 270. Pistoni moja ikisimama kileleni, mwenzake yuko karibu na kasi yake ya juu kabisa, na moja humfidia mwenzake. Kinachofika mkononi mwa dereva ni msukumo wa moto wenyewe, bila makelele ya vyuma. Miwako nayo haifuatani sawasawa: nyuzi 270, kisha 450, sawa na injini ya V ya nyuzi 90. Ndiyo maana mlio wake ni wa kudunda, si wa kuvuma.

Injini hii niliielewa vizuri kwenye Horseshoe Pass, barabara ya mlimani juu ya Llangollen, Wales. Unatoka kwenye kona kali, gia ya tatu, mizunguko elfu tatu na kitu. Unavuta mafuta kidogo tu na tairi la nyuma linashika lami pigo kwa pigo, unalihisi kwenye makalio. Hakuna haja ya kushusha gia. Kwa barabara ya kawaida, mimi naichagua hiyo kuliko farasi mia za silinda nne.

Wazo lenyewe halikuwa geni. Yamaha haohao waliliweka kwenye TRX850 mwaka 1995, na pikipiki ile haikuvuma sana. MT-07 ndiyo iliyolifikisha kwa watu wa kawaida. Triumph wakaipa Bonneville yao krenki ya nyuzi 270 mwaka 2016. Mwaka 2023 Honda wakaja na Hornet ya 750 na Suzuki na GSX-8S, zote kwa mpango huo. Kawasaki wameng'ang'ania nyuzi 180 kwenye Z650, na hawakosi wateja.

Sasa MT-07 ya 2025 unaweza kuipata bila mkono wa klachi kabisa. Gia unabadili kwa vidole au unaiachia kompyuta. Kwenye foleni za mjini nitawaelewa wanaoitaka. Mimi bado nataka klachi yangu.

Nawe ukipata ya 2014 au 2015 kwa bei nzuri, ichukue. Ila kumbuka ilijengwa kwa bei nafuu, na mahali palipobanwa ni shokapu: ni laini mno kwa injini ile. Hela ya kwanza iende kwenye springi za mbele na shokapu ya nyuma. Sailensa ya kelele itasubiri.