Mota Haikuwa na Ubovu

Nilibadilisha mota nzima isiyo na ubovu wowote, nikalipwa ujira wangu, na kwa maneno yangu mama mpishi asiye na hatia akaachishwa kazi. Haya yametokea hapa Mlali, katika jiko la shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Nimekwisha kumwomba radhi yule mama kwake, lakini nilimchafulia jina mbele za watu, na radhi ya chumbani haitoshi.

Serikali ilipozitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, kila shule ilihangaika kivyake. Nyingi zilikwenda kwenye gesi. Shule hii ilipata mfadhili aliyeiletea jiko kubwa la vidonge vya maranda. Juu lina hopa, chini ya hopa kuna skruu ndefu inayozungushwa polepole na mota ndogo; skruu inapandisha vidonge na kuvidondosha kidogo kidogo kwenye chungu cha moto, na feni inavuta hewa hadi moshi utokee bombani. Majiko ya aina hii yalianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1980, kwa kazi ya mhandisi Jerry Whitfield aliyetokea kwenye ndege, ili kupasha joto nyumba za nchi za baridi. La shule lilitengenezwa kwa ajili ya masufuria makubwa, na kiangazi chote lilipika ugali na maharage bila tatizo.

Mimi ni fundi wa mashine za kukamua alizeti. Skruu nimeishika tangu ujana, kuanzia hapa hadi Kibaigwa. Mashine ya alizeti ikikwama huwa naangalia mkanda, beringi, skruu iliyolika au mota iliyochoka, na mara nyingi sikosei. Kwa hiyo shule iliponiita wakati wa kifuku kwamba jiko halishushi vidonge, nilikwenda nikiwa nimeshajibu swali kabla ya kuliona jiko.

Dalili zilikuwa hizi. Moto unawaka vizuri, unafifia, unazima sufuria ikiwa nusu ya kuiva. Ukisikiliza, mota inanguruma, inasita, inanguruma tena. Hopa ukiichungulia unaona vidonge vimejaa tele, ila katikati havishuki. Vimeshikana pembeni na kuacha uwazi chini yake. Mama mpishi alisimama karibu yangu na kusema, kwa sauti ya heshima, "Fundi, samahani, vidonge hivi si kama vile vya mwanzo. Siku hizi nikivimimina vinatoa vumbi mpaka napiga chafya." Nilimjibu kwamba vumbi ni kawaida ya kitu chochote cha mbao. Nilijibu nikiwa nimempa mgongo.

Nilianza na swichi ya hewa. Ni kidude kidogo kinachokata umeme wa skruu pale bomba la moshi likiziba au mlango wa jiko usipofungwa vizuri. Niliiruka kwa kipande cha waya nione kama ndiyo inayozuia. Haikuwa yenyewe, kwa sababu skruu iliendelea kusita vilevile, na mimi nikaendelea na kazi nyingine bila kuutoa ule waya. Swichi ile ipo ili moto ukikosa pa kutolea moshi, vidonge visiendelee kumwagika na kurundikana, na ile hewa ya sumu isiyo na harufu isiwajae watu jikoni. Kwa muda ambao waya wangu ulikaa pale, wanawake walipika na watoto walipanga foleni mlangoni mwa jiko lisilo na kinga. Mungu aliwalinda, mimi sikuwalinda.

Kisha nikaishika mota. Ilikuwa ya moto sana, nikasema imeungua ndani. Mota mpya ikaletwa kutoka Dodoma mjini kwa pesa za shule. Ili niifunge ilibidi nimwage hopa yote, nichomoe skruu, nipanguse mfereji wake, nirudishe. Jiko likawaka, likashusha vidonge vizuri kabisa, na mkuu wa shule akanishukuru. Sikujiuliza ni kipi hasa kilichoponya, mota mpya au kule kumwaga na kupangusa. Haukupita muda, likakwama tena. Hapo nilikuwa na jambo la kulinda, yaani jina langu. Nikasema mbele ya mwalimu wa zamu, mwenyekiti wa kamati na walinzi kwamba mashine ni nzima, tatizo ni mpishi anajaza hopa kupita kiasi na kuikoroga kwa mwiko. Kweli alikuwa anaikoroga. Angefanya nini, na wanafunzi wanasubiri chakula? Mwisho wa mwezi akaambiwa asirudi.

Mpishi mpya akaja, na jiko likakwama vilevile. Nilipoitwa tena nilitaka kitambaa cha kufutia mikono, nikaingia stoo. Viroba vya vidonge vilikuwa vimepangwa moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, ukutani, chini ya bati linalovuja. Kiroba cha chini kabisa nilipokibonyeza kiliingia ndani. Nikakifungua na kutia mkono. Vya juu vilikuwa vidonge bado, lakini vimevimba na kupasuka mbavu. Nikakunja vidole, vikavunjika bila nguvu. Na nilipofika chini nilichota unga mtupu wa mbao, wenye ubaridi, ulionata viganjani. Hicho ndicho alichokuwa akiniambia yule mama.

Kidonge hiki hakina gundi. Maranda yanasukumwa kwa nguvu kupitia matundu ya chuma, yanapata joto, na kitu cha asili kilicho ndani ya mbao, kinachoitwa lignini, kinalainika na kuyashika. Kikiingia unyevu kinavimba na kurudi kuwa maranda. Viwango vya Ulaya vinataka unyevu usizidi asilimia 10, na urefu usizidi milimita 40 maana virefu navyo hukwama. Unga unaporundikana chini ya hopa unashindiliwa kuzunguka skruu, mota inalemewa na kupata moto, na vidonge vya juu vinashikana badala ya kushuka. Mota ya zamani niliifunga kwenye meza yangu ya kazi, ikazunguka vizuri. Kumbe joto nililolishika lilikuwa la mota inayolemewa na mzigo.

Huku kwetu hakuna anayewazia unyevu. Tunalilia mvua. Lakini hilo halinipunguzii kosa, hasa mimi niliyekulia wilaya hii ya Kongwa, tulikosimuliwa na wazee habari za mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Walileta matrekta yasiyohesabika na wasijue udongo huu wakati wa kiangazi unavyokuwa mgumu, wala mvua zake zinavyokatika. Mwaka 1951 wakauacha, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea. Waliokuwa wakiujua udongo walikuwepo hapahapa na hawakuulizwa. Nami nilikuwa na mtu anayevijua vile vidonge kwa mkono wake, amesimama karibu yangu.

Fundi mwenzangu utakayeitwa kwenye jiko kama hili, zima umeme, mwaga hopa yote, pangusa unga hadi chini ya skruu, kisha iwashe skruu ikiwa tupu. Ikizunguka bila kusita, acha mota ilivyo na uende stoo. Vunja kidonge kwa vidole. Kilicho kizima kinakatika kwa mlio. Viroba vikae juu ya chaga, mbali na ukuta. Swichi ya hewa ukiiruka ili kupima, usiondoke jikoni kabla hujautoa waya ulioirukia. Na anayepika hapo muulize kwanza, umpe muda amalize.

Waya wangu nimeuondoa. Stoo imewekewa chaga, jiko linapika. Nilipomfikia mama nyumbani aliniambia amenisamehe, ila akaongeza kwamba mtaani bado anaitwa aliyeharibu jiko la wafadhili.

Kwa hiyo naiomba kamati ya shule, kwa jina lake na si kwa langu: huyu mama hakuharibu chochote. Alisema ukweli mapema, mimi nikaukataa. Mrudisheni jikoni kwa mshahara uleule, na mwelezeni kila mmoja kwamba kosa lilikuwa la fundi. Pesa ya mota nitairudisha shuleni, pamoja na ujira niliolipwa.