Silanga Huchimbwa Kabla ya Mvua

Bute ni mji mdogo katika Kaunti ya Wajir, kaskazini mwa Kenya, karibu na mpaka wa Ethiopia. Wenyeji wake ni Waislamu. Wakristo walioko ni wachache, na wengi wao ni wageni waliofika kwa kazi ya ualimu, uaskari au uuguzi.

Mgeni wa namna hii, huko kwao, alizoea kuamshwa na kengele ya kanisa, na kuulizwa na jirani asipoonekana ibadani. Akifika Bute, huenda asipate wa kumwuliza. Ndipo ajuapo kama ibada ile ilikuwa yake mwenyewe, au ilikuwa ya kengele.

Basi, jambo la kwanza limpasalo ni kuweka saa. Mara tano kila siku atasikia adhana, na atawaona watu wakiacha biashara na mifugo ili wasali. Hawangoji kwanza moyo upende; saa ikifika, huondoka. Mkristo aweza kushika dini yake na papo hapo akajifunza kwa jirani. Danieli naye alikuwa mgeni Babeli, akaomba mara tatu kila siku, madirisha yake yakielekea Yerusalemu. Amri ya mfalme ilipomkataza hakuanza jambo jipya. Aliendelea na desturi yake ya siku zote.

Jambo la pili, desturi na iwe ndogo, ipate kudumu. Aahidiye kukesha kila usiku huchoka kabla ya juma kwisha. Lakini asomaye sura moja kabla ya chai, akatubu kabla ya kulala, na kumtazama mgonjwa mmoja kila juma pasipo kumwuliza dini yake, huyo ajenga. Haba na haba hujaza kibaba.

Watu wa Bute wajua maana ya jambo hili. Silanga huchimbwa na kuzolewa tope wakati wa kiangazi, jua likiwaka na wingu halionekani. Mvua za Aprili zikifika, aliyechimba huteka. Asiyechimba huyatazama maji yakipita.

Ndivyo ilivyo siku ya jaribu. Tarehe 21 Desemba 2015 watu wenye silaha walishambulia basi lililokuwa safarini kwenda Mandera, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Wema wa namna hiyo hauazimwi njiani kwa dakika moja.

Kwa hiyo Mkristo wa Bute na aombe leo, kungali shwari, tena awaombee na majirani zake. Siku ya hatari haina nafasi ya kujifunza kuomba, wala ya kujifunza kupenda.