Keekee na Vitu Vigumu

Kutoboa ni kazi ya kale katika pwani yetu. Kabla ya umeme kufika, seremala alikuwa na keekee yake, na kila kiungo cha chombo hicho kilikuwa na jina: kijembe kilichokata, msukano ulioshika kijembe, uta uliozungusha msukano, na jivu lililotulia juu, chini ya kiganja. Katika mwaka wa 1889 Arthur James Arnot na William Blanch Brain, wakaao Melbourne, walipata hataza ya keekee ya umeme. Umeme ulichukua kazi ya uta; haukuchukua kazi ya kiganja, wala ya akili.

Nimelitafakari jambo hili Kwashemshi, wilayani Korogwe, katika nchi ya mkonge. Huko nimeona vijana wa ufundi walioamini kuwa mwenye chombo chenye nguvu hana haja ya subira. Imani hiyo ni ghali. Kijembe kilichoungua hula ujira wa fundi, na kigae kilichopasuka hula jina lake.

Asili ya hasara hii ni kudhani kuwa ugumu ni mmoja. Mpingo ni mti mzito hata huzama majini; ukitobolewa kwa pupa, pasipo kutoa unga tunduni, joto la msuguano huunguza mti na kijembe pamoja. Chuma hutaka alama ya ncha kwanza, ili kijembe kisiteleze; kisha mwendo wa pole, mkono uliokaza, na tone la mafuta. Zege lina punje za kwatzi, ambazo ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Friedrich Mohs, ambamo almasi ni 10. Punje hizo hufanya butu kijembe cha chuma kitupu. Kwa hiyo zege hutaka ncha ya tangsteni kabaidi, tena hutaka mapigo: mapigo huvunja, mzunguko huondoa vumbi. Lakini mapigo yayo hayo, yaliyo dawa ya zege, ni sumu ya kigae. Kigae hutaka mzunguko mtupu, wa taratibu, mpaka ngozi yake ing'aayo ikatike.

Fundi mmoja mzee, akitoboa nguzo ya zege katika nyumba ya jirani yangu, alisimamisha keekee ghafula. Sauti ilikuwa imebadilika. "Nondo hiyo," alisema, akasogeza alama yake kando. Kijana aliyemsaidia, mwenye misuli maradufu, angalisukuma zaidi. Angaliharibu kijembe na kuijeruhi nguzo ibebayo nyumba.

Nguvu ya keekee hununuliwa dukani, na kila anunuaye huipata sawa na mwenziwe. Sikio lijualo kuwa chuma kimeanza na zege limekwisha haliuzwi popote. Hilo ndilo limtofautishalo fundi na mwenye chombo.